Kabati la Maalim na Karatasi za Njugu

Wasomaji wetu, tuna deni la miaka mingi ambalo hatujapata kulitamka mbele ya watu. Leo twaona yafaa tulieleze katika kurasa hizi, kwani majumbani mwenu mna vijana wanaosoma, na mna masanduku ya wazee chini ya vitanda, na ni nadra nyumba isiyokuwa na karatasi ambazo kila ukifika wakati wa kufagia kwa ajili ya Ramadhani au Idi mtu huzitazama akasema, "Na hizi nazo zitupwe."

Katika mwaka 1979 tulikuwa na umri wa miaka 24, tumetoka karibuni katika chuo cha ualimu, tukapelekwa kufundisha elimu ya viumbe katika skuli moja ya pwani. Jina la skuli hatulitaji, kwani kosa halikuwa lake. Chumba tulichopewa kilikuwa na kabati kubwa la mninga lenye milango ya kioo, na ndani yake mlikuwa na mambo ya ajabu: nyoka katika chupa za fomalini, vinyonga, mijusi, samaki wa miambani, ndege waliojazwa pamba, kombe na konokono wa bahari katika vibweta vya kiberiti, na majani makavu yaliyobanwa baina ya magazeti ya zamani. Kila kitu kilifungwa uzi, na katika uzi kikaratasi, na katika kikaratasi nambari tu: 17, 203, 418. Jina hapana, wala maelezo.

Aliyevikusanya alikuwa Maalim mmoja aliyefundisha hapo tangu 1951 mpaka alipostaafu mwaka 1976. Mchana alifundisha elimu ya viumbe na hesabu, na baada ya Alasiri alisomesha watoto Kurani barazani kwake, na Jumamosi alikuwa akiwachukua wanafunzi kwenda mikokoni na mashambani, kila mmoja na mtego wake mkononi. Watu wa mji walizoea kuona msafara ule ukirudi na matope hadi magotini.

Chini ya kabati, katika rafu ya mwisho, palikuwa na daftari 14 nene. Paa lilikuwa likivuja upande ule, na mchwa walikwisha kuanza pembeni. Tulifungua moja tukaisoma kwa muda mfupi. Kila siku iliandikwa tarehe tatu: ya Kiislamu, ya Kizungu, na ile hesabu ya wazee wetu wa pwani ya kuhesabu miongo, siku kumi kumi, tangu siku ya Nairuzi. Kisha upepo, kisha mvua kwa inchi, kisha kazi ya siku: "Mitego 12 chini ya mikoko, upande wa kaskazini wa mto. Panya 2, nambari 311 na 312. Mitego 10 mitupu." Na ziko siku nyingi, nyingi mno, ambazo chini ya mvua na upepo palikuwa na maneno matatu tu: "Leo hapana kitu."

Tulicheka. Twakiri kwamba tulicheka, na mwalimu mwenzetu tuliyemwonyesha naye akacheka. Tulisema, ni mtu gani huyu anayepoteza wino kuandika kwamba hakuona kitu?

Ikaja habari kwamba wakaguzi watafika Jumatatu, na mwalimu mkuu akatuambia chumba kisafishwe. Tulifanya kazi siku mbili. Tulisugua kioo, tukaosha chupa moja moja, tukazipanga kwa ukubwa wake ili zipendeze macho. Ama daftari, zilikuwa zikinuka unyevu, na hazikuwa na mahali pa kukaa katika chumba kisafi. Mbele ya lango la skuli alikuwako mzee akiuza njugu za kukaanga, naye siku zote alikuwa akilalamika uhaba wa karatasi za kufungia. Tukampelekea daftari zote 14. Akatushukuru sana, kwani karatasi ilikuwa nzito na nzuri, akatupa kifuko cha njugu bila ya malipo. Tukazila pale pale tukisimama juani.

Wakaguzi walilisifu kabati.

Miezi mitatu ikapita, na siku moja baada ya masomo akaja Maalim mwenyewe kutembelea skuli yake ya zamani. Tukamwamkia, "Shikamoo Maalim," naye akaitika, "Marahaba mwanangu," akaingia polepole akasimama mbele ya kabati. Akaona chupa zimepangwa upya, asiseme neno. Akaitoa ile nambari 203, ndani yake ukukwi mdogo wa kijani aliyekwisha kupauka, akaigeuza kwenye mwanga, akatuomba daftari ya tisa. Alitaka kuangalia jambo moja, akasema, kwani mtu mmoja amemwambia kuwa ukukwi wa namna ile haonekani tena upande ule wa mto.

Tulimweleza. Hatukuwa na pa kujificha, na mzee wa njugu alikuwa akionekana dirishani.

Maalim alinyamaza kwa muda, kisha akairudisha chupa mahali pake. Akasema, "Basi huyu sasa ni nyoka tu." Baada ya hapo akakaa, akanywa chai, akatuuliza hali za wazazi wetu, akaenda zake. Hakutulaumu siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki mwaka 1988, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lau angalitulaumu ingalikuwa nafuu kwetu.

Kwa miaka mingi tulidhani kosa letu lilikuwa la adabu tu, yaani kwamba tulimvunjia heshima mzee. Hatukujua ukubwa wake hasa mpaka mwaka 2009, tulipopata kusoma habari za jumba moja la vielelezo lililomo katika Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Berkeley, Marekani. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiifuatia habari hiyo kila tulipoweza, na sasa twaomba ruhusa ya wasomaji tuwahadithie.

Jumba lile lilianzishwa mwaka 1908 kwa mali ya bibi mmoja aitwaye Annie Alexander, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1867 katika ukoo wa wenye mashamba ya miwa. Bibi huyu alipata kufika katika Afrika yetu ya Mashariki. Mwaka 1904 alisafiri huku pamoja na baba yake, wakaendelea kusini mpaka maporomoko ya Victoria ya mto Zambezi, na huko jiwe likaanguka kutoka juu likamwumiza baba yake, naye akafariki. Miaka minne baadaye aliliweka jumba la Berkeley, na mali yake aliendelea kuitoa mpaka mwisho wa umri wake mwaka 1950. Tena hakuwa mtoaji wa fedha tu, bali yeye mwenyewe alilala mahemani, akatega, akachuna, akaandika nambari.

Mtu aliyemchagua kuliongoza alikuwa mwalimu kijana, Joseph Grinnell. Aliliongoza tangu mwanzo mpaka alipofariki mwaka 1939, na katika muda huo wote aliwatia watu wake katika nidhamu moja ambayo ingemfurahisha Maalim wetu. Kila mnyama au ndege alipata kikaratasi chenye mahali, tarehe, vipimo, jina la aliyemkamata, na nambari. Kila mtu aliyekwenda nyikani alilazimika kuandika daftari yake siku ile ile kabla ya kulala, kwa wino usiofutika, katika karatasi za kipimo kimoja ili zije zijalidiwe pamoja. Aandike kambi ilikuwa wapi, mti gani ulikuwa karibu, hewa ilikuwaje, ndege yupi alisikika ingawa hakuonekana. Yeyote aliyesema, "Hili halina maana, nisiliandike," aliambiwa kwamba si yeye wa kuamua, kwani hapana ajuaye watu wa mbele watataka kuuliza nini. Na mwaka 1910 Grinnell aliandika, nasi twatoa maana tu ya maneno yake, kwamba thamani kubwa ya kazi ile haitaonekana mpaka ipite miaka mingi, labda karne nzima.

Fikirini jambo hili, enyi vijana. Mtu anafanya kazi kila siku, anaumwa na mbu, anakesha akiandika kwa mwanga wa taa, ilhali anajua kwamba atakayefaidi bado hajazaliwa.

Baina ya 1914 na 1920 Grinnell na wenzake walipima ukanda mrefu wa nchi unaoanzia bondeni upande wa magharibi, ukapanda milima ya Sierra Nevada kupitia Yosemite, ukateremka upande wa mashariki mpaka ziwa la Mono. Walipiga kambi katika vituo 40. Walirudi na vielelezo zaidi ya 4,000, na kurasa za daftari zaidi ya 2,000, na picha mamia. Mwaka 1924 Grinnell na mwenzake Tracy Storer wakatoa kitabu kikubwa juu ya wanyama wa Yosemite, na wengi wangalisema kazi imekwisha na daftari sasa zaweza kutupwa, kwa kuwa kitabu kipo. Hazikutupwa. Zilijalidiwa, zikawekwa rafuni, na kwa miaka themanini na zaidi watu waliokuwa wakizihitaji walikuwa wachache.

Kisha katika 2003 wataalamu wa jumba lile lile walizitoa, wakazitia mikobani, wakarudi milimani. Kwa maelezo ya daftari, kwa ramani zilizochorwa kwa mkono na kwa picha za zamani, walizitambua kambi za Grinnell, wakatega mitego yao palipotegwa ya zamani. Wakalinganisha aina 28 za wanyama wadogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008, nayo ni haya: nusu ya aina hizo zilikuwa zimepanda mlima, kwa wastani wa mita 500 hivi. Joto la usiku lilikuwa limezidi kwa kadiri ya digrii 3 za Selsiasi tangu siku za Grinnell. Panya mmoja wa nchi kavu za chini alionekana sasa juu sana, mahali ambapo wale wa kale hawakumwona kabisa. Naye mnyama mwingine, wa jamii ya kindi, mwenye mistari mgongoni, ambaye hukaa juu kabisa penye mawe na theluji, mpaka wake wa chini ulikuwa umerudi juu kwa mamia ya mita, mfano wa mtu anayekimbia maji yanayojaa nyumbani, akapanda kitandani, akapanda juu ya meza. Mlima nao una kilele, na juu ya kilele hapana pa kwenda.

Yosemite ni mbuga iliyohifadhiwa na serikali tangu 1890. Kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba ni mashoka au majembe yaliyowahamisha wanyama wale.

Sasa twafika mahali palipotuuma. Wataalamu wale walijuaje kwamba panya yule kweli hakuwapo juu katika mwaka 1915, wala si kwamba Grinnell hakumtafuta tu? Mtu akisema "sikumwona", huenda hakutazama. Jawabu ni kwamba daftari zile ziliandika idadi ya mitego, na idadi ya usiku iliyotegwa, na ipi ilinasa na ipi haikunasa. Kwa hesabu hiyo yawezekana kupima: ikiwa mnyama yupo, na mitego mingi imetegwa usiku kadha mfululizo, ni bahati gani asinaswe hata mmoja? Basi mtego mtupu ulioandikwa ni ushahidi, na mtego mtupu usioandikwa si kitu. Tuliposoma hayo tulikiweka kitabu chini. Tulikuwa barazani, na jua lilikuwa likizama, na tukaona mbele ya macho yetu ule mwandiko wa Maalim, mstari baada ya mstari, "Leo hapana kitu", na tukakumbuka namna tulivyocheka.

Mambo hayakuishia milimani. Wengine walichukua daftari za Grinnell za jangwa la Mojave, wakazunguka vituo 61, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba katika kila kituo, kwa wastani, zimetoweka aina 43 katika kila 100 za ndege waliokuwapo. Kisha ikaonekana mwaka 2021 kwamba panya na wanyama wadogo wa jangwa lile lile hawakupungua hivyo, kwa sababu mchana hujificha mashimoni penye ubaridi, na ndege hana shimo. Wengine walikata vipande vidogo vya ngozi kavu zilizokaa droo za jumba, za yule mnyama wa kileleni, wakazisoma kwa elimu ya DNA, wakaona kwamba jamii ile imepungukiwa na aina za damu kwa kadiri ilivyobanwa juu. Grinnell alikufa mwaka 1939, na umbo la DNA halikuelezwa mpaka 1953. Aliweka akiba ya kitu ambacho hakukijua, ndani ya kitu alichokijua.

Huko Uingereza nako mna kisa kinachofanana. Vijana na mabwana wa zamani walikuwa na mchezo wa kukusanya mayai ya ndege, kuyatoboa na kuyapanga katika masanduku, na mchezo wenyewe haukuwa mzuri kwa ndege, na baadaye sheria ikaukataza. Lakini wengi wao waliandika tarehe na mahali. Ilipofika miaka ya 1960 ikaonekana mwewe wa aina fulani wanavunja mayai yao wenyewe wakiyaatamia, na hakuna aliyejua sababu. Mtaalamu Derek Ratcliffe aliyapima maganda ya kale na ya sasa, akatangaza mwaka 1967 kwamba maganda yalikuwa mazito miaka na miaka, kisha yakawa membamba ghafula tangu mwisho wa miaka ya 1940, wakati dawa ya DDT ilipoanza kumwagwa mashambani. Pasingalikuwa na tarehe juu ya mayai, pangalikuwa na mayai tu. Maalim angesema hivyo.

Na kama kuna msomaji anayefikiri kwamba kielelezo chenyewe chatosha, na kwamba mtaalamu akikitazama atajua, basi na asikie ya London. Huko, katika Chuo Kikuu kiitwacho University College, mna jumba la vielelezo lililoanzishwa mwaka 1828 na mwalimu Robert Edmond Grant ili wanafunzi wake wapate kujifunza kwa kuona na kushika. Kwa miaka mingi walikuwa na mifupa kamili ya wanyama wawili, yote miwili ikiitwa ya punda milia. Mwaka 1972 ikachunguzwa vizuri. Mmoja ulikuwa wa quagga, yule mnyama wa Afrika ya Kusini wa jamii ya punda milia aliyekwisha kabisa duniani, wa mwisho akafia katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883, na mifupa yake iliyobaki ulimwenguni yahesabika kwa vidole. Wa pili ulikuwa wa punda. Punda wa kawaida, huyu wa kubeba mizigo! Vizazi vya wanafunzi vilipita mbele yao vikiandika katika madaftari yao "punda milia, wawili".

Hatupendi kuwachosha wasomaji kwa habari za namna karatasi hizi zinavyotunzwa. Yatosha kusema kwamba pini za chuma huondolewa zisije zikatia kutu, na karatasi huwekwa katika masanduku yasiyo na tindikali, na siku hizi hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa ili mtu wa mbali asome bila ya kuzigusa. Kazi kubwa si masanduku. Kazi kubwa ni yule mtu wa kwanza anayesimama mlangoni mwa chumba kinachosafishwa akasema, "Ngojeni kwanza, tuangalie ni nini hizi."

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimo karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliyefariki mwaka 1962. Alikwenda vijijini kuwauliza wazee juu ya sheria zao za urithi, ndoa na ardhi, akaandika. Katika maktaba hiyo hiyo zimo hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokusanywa na J. W. T. Allen, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Hati hizo nyingi zilitoka majumbani mwa watu wa pwani, kutoka katika masanduku kama yale tuliyoyataja mwanzo. Zilizonusurika zilinusurika kwa sababu siku mtu alipokuja kuuliza, mwenye nyumba alikuwa bado hajafagia.

Sasa turudi kwetu. Kabati la Maalim halipo. Fomalini ilikauka chupa baada ya chupa, wadudu wakala ndege, na katika miaka ya 1990 vilivyobaki vikafukiwa. Hakuna aliyevililia, na kwa kweli hapakuwa na la kulilia, kwani vilikuwa vimekwisha kufa mara ya pili siku ile ya njugu.

Lakini kuna jambo ambalo hatujalisimulia. Mwaka ule ule 1979, katika siku za mwisho wa mwaka, baada ya Maalim kwisha kututembelea, tulikuwa tukisubiri basi mjini, tukanunua njugu kwa kijana mmoja mchuuzi. Tulipokwisha kula tukaikunjua karatasi ili tuitupe, tukauona mwandiko. Yule mzee wa langoni bila shaka alimgawia mwenzake. Ulikuwa nusu ya ukurasa, na mafuta yameupenya, lakini wino ulisomeka: Jumatano, 3 Julai 1963, mwezi wa Safar 1383, hesabu ya mwongo imekatika ukingoni. Kusi yavuma. Mvua inchi 0.4. Mitego 12 nyuma ya kisima cha zamani. Yote mitupu.

Tuliuweka ndani ya kamusi, na kila tulipohama nyumba tulihama nao. Hatukumwonyesha Maalim. Tuliona haya kumletea mzee nusu ya ukurasa badala ya daftari 14, na hilo nalo ni katika deni letu, kwani huenda angefurahi.

Mwaka jana alitujia mjukuu wake wa kike, msichana anayesoma elimu ya wanyama katika chuo kikuu. Alisikia nyumbani kwao kwamba babu yake alikuwa na daftari, na kwamba sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kuwa nazo. Tukamweleza yote kama tulivyoyaeleza hapa, na haikuwa rahisi, maana ana macho ya babu yake. Kisha tukaitoa kamusi.

Aliushika ukurasa kwa pembe mbili akausoma polepole, akausoma tena. Tulidhani atalia au atatulaumu. Badala yake alitoa bahasha safi na penseli, akasema, "Babu, tafadhali nikuulize. Uliinunua wapi hii?"

Tukamwambia, kituo cha mabasi, upande wa msikiti.

"Siku gani?"

Siku hatukuikumbuka. Tukamwambia mwezi na mwaka, na kwamba ilikuwa baada ya Adhuhuri. Akaandika yote juu ya bahasha kwa herufi ndogo zilizonyooka, na jina letu chini yake, kwamba sisi ndio tuliosema.

"Ulinunua kifuko kimoja tu siku hiyo?"

Tukafikiri. Tukamwambia tulinunua viwili, lakini cha kwanza tulikitupa bila ya kukitazama.

Akaandika na hilo.